Beji Niliyomvisha Mzee Hamadi

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, mbele ya wakwe. Aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Kwa wasionijua: naitwa Athumani, nachonga funguo hapa Ukunda. Hiyo ndiyo kazi. Ugonjwa wangu ni beji za kampeni za zamani. Zile za bati, zenye pini nyuma, na mbele sura ya mgombea au alama yake. Ninazo za wabunge, za madiwani, na za watu waliopigiwa kura na mama zao peke yao. (Hizo ndizo adimu. Beji za mshindi zimejaa kila nyumba, za aliyeshindwa watu huzitupa shimoni.) Ninazo sarafu za shaba zilizogawiwa kwenye mikutano, ukazipeleka jikoni ukapewa sahani ya pilau. Ninayo hata medali moja ambayo mgombea alijitengenezea kujipongeza kabla kura hazijahesabiwa. Hakuivaa.

Watu huniletea vitu vyao nivitambue. Navitazama kwa kioo cha kukuzia, nakohoa kidogo, natoa hukumu. Sijawahi kukosea. (Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema mpaka leo saa nane mchana.)

Sasa sikilizeni.

Majuma matatu yaliyopita nilipata beji kwa muuza vyuma chakavu. Maandishi yote yameliwa na kutu. Katikati kuna mchoro wa kitu chenye mdomo mpana, kiuno chembamba na kitako cha kukalia. Juu yake umeegemea mstari mmoja. Kuzunguka mdomo kuna nukta ndogo ndogo. Nilikuwa nikiitafuta miaka sita. Kinu! Mstari ule ni mchi, na nukta zile ni punje za mahindi zinazoruka wakati wa kutwanga. (Punje ndizo zilizonivutia zaidi. Nikamsifu mchoraji kwa sauti, dukani, peke yangu.)

Nilipofika nyumbani nikamwonyesha mke wangu, Mwanasha. Aliitazama huku anachambua mchele.

"Mbona mimi naona ngoma?"

"Ngoma! Huoni mchi huo?"

"Naona fimbo ya kupigia ngoma."

"Na punje je?"

"Punje gani? Hivyo si vigingi vya kukazia ngozi?"

Nikacheka. Nikamweleza kwa upole kwamba utambuzi ni elimu, si kila mwenye macho anaona. Akasema haya, akaendelea na mchele wake.

Ili mwelewe kwa nini niliitafuta miaka yote hiyo, lazima niwape historia. Zamani, kwenye uchaguzi mmoja wa udiwani pande za Msambweni, walishindana watu wawili. Alama ya mmoja ilikuwa kinu, ya mwenzake ngoma. Watu wa Ngoma waliimba kwamba wa Kinu wanatwanga maji. Watu wa Kinu wakajibu kwamba ngoma ivumayo haidumu. Ngoma ikashinda. Ikavuma, na ikadumu, mpaka diwani mwenyewe alipochoka akastaafu kwa hiari yake. Sasa ni marehemu, Mungu amrehemu.

Yule wa Kinu ni Mzee Hamadi. Yeye yu hai, na mpaka leo hajakubali matokeo. Sifanyi mzaha. Ukimwita aliyeshindwa, anakusahihisha: aliyeibiwa. Ukoo wa marehemu diwani ukikaa upande huu wa jamvi kwenye hitima, yeye huenda kukaa upande ule, hata kama upande ule una jua. Usiku wa ushindi walimpigia ngoma mlangoni mpaka alfajiri. Tangu siku hiyo binti zake wote wameolewa kimya, bila ngoma kupigwa. Majirani wapya hudhani ni ucha Mungu.

Na Mzee Hamadi ni babu yake Mwanakombo. Mwanakombo ndiye msichana ambaye mpwa wangu Rashidi anataka kumwoa. Rashidi ni mpishi katika hoteli moja huko Galu, kijana mtaratibu, na juu ya msichana huyu amekonda mpaka mkanda umeongezwa tundu. Na kwetu sisi, baba anaweza kukosekana kwenye posa, lakini mjomba hakosekani. Mjomba ndiye mimi.

Mambo hayakuwa mepesi. Kabla ya Rashidi alikuja mposaji mwingine, kijana mzuri, mwenye duka lake. Alirudishwa, na barua yake haikufunguliwa. Sababu? Babu yake alionekana usiku ule wa ushindi ameibeba ngoma.

Kwa hivyo dada yangu Mishi, mama yake Rashidi, alinipigia simu juzi, na jana, na leo asubuhi mara mbili.

"Kaka, utasema mambo matatu. Salamu. Posa. Ahsante."

"Nimekusikia."

"Beji zako usizitaje."

"Nimekusikia, Mishi."

(Nilikuwa nimemsikia kweli. Lakini hakusema nisibebe.)

Mtu mwenye akili atauliza: ulikuwa unafikiri nini? Nilikuwa nafikiri hivi. Mzee ameishi umri wote huu na dhuluma yake moyoni. Hakuna aliyemkumbuka ila kwa kumcheka. Sasa anatokea mjomba wa mposaji, anamletea beji yake mwenyewe, aliyoitafuta miaka sita. Mzee atalia. Posa itapita pale pale. Watu watalisimulia jambo hili mpaka Matuga. Hili la mwisho ndilo lililotimia zaidi.

Tukafika Msambweni baada ya sala ya adhuhuri, watu sita, kanzu zimepigwa pasi. Dada Mishi amebeba halua. Mfuko wa kulia nina barua ya posa. Mfuko wa kushoto, ndani ya kitambaa safi, nina beji. Nilikuwa nimeisugua kwa ndimu na majivu ikang'aa. (Mkusanyaji hasugui beji! Mwanzo wa kuharibikiwa ulikuwa hapo.) Pini yake ilikuwa imelegea, kwa hivyo nikaitia mpya ya chuma cha kufuli, yenye kulabu ya kujibana. Ikishika haiachii. Mimi ni fundi.

Tukapokewa vizuri sana. Mzee Hamadi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkono, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono. Kando yake mwanawe Omari, baba wa msichana. Macho ya Mzee yamefunga ukungu, anasubiri kupasuliwa mtoto wa jicho. Anakujua kwa sauti.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko Ukunda?"

"Hatujambo, alhamdulillahi."

"Watoto hawajambo? Wazee? Na mvua je?"

Tukaulizana mpaka habari za mvua zikaisha. Nikasoma barua. Mzee akasikiliza amefumba macho, halafu akauliza swali moja tu.

"Huyu kijana wenu, babu yake mwaka ule alikuwa upande gani?"

"Babu yake ni wa Mkwiro, Mzee," Dada Mishi akajibu upesi. "Hata kura hakuja kupiga huku."

"Si haba," Mzee akasema. "Basi posa yenu tumeisikia, na sisi hatuna neno baya."

Ndugu zangu, ilikuwa imekwisha! Zilibaki dua na kahawa. Dada Mishi alishusha pumzi nikaisikia. Rashidi alikuwa ameniandikia kutoka jikoni kwake Galu: "Mjomba, vipi?" Nilitakiwa kujibu neno moja.

Badala yake nikasimama.

"Mzee wangu," nikasema, "nina amana yako."

Dada Mishi akanivuta kanzu kwa nyuma. Nikaikung'uta. Nikatoa hotuba. Sikumbuki yote, lakini nakumbuka nilitaja haki, historia na kutu. Nikasema kuna watu wamepewa na Mungu jicho la kutambua vitu, bila kujisifu. Nikasema leo Kinu kinarudi nyumbani.

Mzee akanyoosha mkono.

"Beji yangu? Ya kinu?"

"Naam, Mzee. Kinu na mchi wake. Hata punje zimo."

"Nivishe, mwanangu."

Nikapiga magoti, nikamvisha kifuani, upande wa moyo. Kulabu ikalia ta! ikajibana. Omari akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Wanawake ukumbi wa pili wakapiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Machozi yalimtoka Mzee Hamadi kweli, yakashuka mpaka ndevuni, na mimi nikawa nimeridhika na maisha yangu. Nikampiga picha. Alikaa wima, kidevu juu. Nikaituma kwenye kundi letu la simu la wapenda mambo ya kale ya Kwale, watu wengi sana, na chini nikaandika: "Mzee Hamadi leo, na beji yake. Historia imerudi kwa mwenyewe."

Simu ikaanza kutikisika kabla sijakaa.

Wa kwanza kujibu ni Chande, mjukuu wa marehemu diwani wa Ngoma. Naye yumo kundini. Ameandika: "Mashallah! Mzee amekubali matokeo!"

Nikadhani anatania. Wa pili: "Ukubwa wa mtu ni kusamehe." Wa tatu: "Babu yetu angekuwa hai leo angelia." Wa nne ameuliza kama ni kweli au ni picha ya kutengenezwa.

Hapo ndipo Bi Saumu, mke wa Mzee, alipoingia na sinia la kahawa. Bi Saumu ni mtu mzima lakini macho yake ni mazima kabisa. Alifika katikati ya ukumbi akasimama.

"Baba Omari," akamwambia mumewe, "umehamia Ngoma lini?"

"Ngoma gani?"

"Hiyo iliyoko kifuani mwako."

"Hiki ni kinu, Mama Omari. Bwana huyu ni bingwa, amekitambua."

Bi Saumu akaliweka sinia chini taratibu. Akanigeukia.

"Bingwa, kinu gani chenye vigingi?"

"Si vigingi, Mama," nikasema. (Mdomo huu!) "Ni punje za mahindi. Zinaruka."

"Zinaruka zimejipanga mstari?"

Akaielekezea kidole beji.

"Na hiki kijiti?"

"Mchi."

"Mimi nimetwanga tangu utoto wangu. Mchi mwembamba hivi unatwanga nini? Hewa?"

Watu wote wakainuka kuja kutazama. Mmoja mmoja. Kila aliyetazama alirudi kukaa, na kila aliyerudi kukaa alinitazama mimi. Mzee Hamadi hakuona, lakini aliinua kidole gumba akaipapasa ile beji. Akapita kwenye kiuno. Akapita kwenye kijiti. Kidole kikafika kwenye nukta, kikasimama hapo kwa muda mrefu.

"Nivue," akasema.

Nikapiga magoti tena. Nikavuta. Haikutoka. Nikazungusha, nikabonyeza, nikasukuma. Kulabu yangu niliitengeneza isiachie, na haikuachia. Nimefungua makufuli ya nusu ya Diani, jamani, na nimeshindwa na pini yangu mwenyewe kifuani mwa mzee wa watu! Jasho langu lilidondokea kanzu yake. Mzee alitazama juu ya kichwa changu, kama mtu anayenyolewa na kinyozi asiyemjua.

Katikati ya kazi hiyo simu ya Omari ikalia. Akapokea, akasikiliza, uso ukabadilika.

"Baba," akasema, "ni watu wa marehemu diwani. Wanakupongeza."

"Kwa lipi?"

Omari akafunika simu kwa kiganja. "Kwa kukubali matokeo."

Omari akairudisha simu sikioni, akasikiliza tena.

"Wanasema wako njiani. Wanakuja na mbuzi, mpatane."

"Mbuzi aje," Bi Saumu akasema. "Wao warudi."

Akaenda jikoni akarudi na kisu. Akakata kipande cha kanzu pamoja na beji, kanzu ya Idi, ikabaki tundu la ukubwa wa kiganja juu ya moyo wa Mzee. Akaondoka na beji uani bila kuniangalia. Kidogo tukasikia mchi. Du. Du. Du. Bi Saumu alikuwa anaitwanga beji kwenye kinu.

Naomba mnielewe. Beji ile, hata kama ni ya Ngoma, ilikuwa ya mwaka ule. Sina nyingine. Nilikaa pale nimeshika magoti, nikihesabu mapigo, na nilipofika la kumi na mbili sauti ikabadilika nikajua pini yangu imekatika.

Dada Mishi alikuwa analia. Hakulia kwa sauti. Alianza kukunja barua ya posa aitie mkobani, akiikunja ndogo, ndogo zaidi. Simu yangu ikatikisika. Rashidi: "Mjomba? Kimya chako kinanitisha." Niliona haya, wallahi. Kuchekwa nimezoea. Mtoto huyu alinikabidhi jambo moja, nami nikalitia mchanga kwa ajili ya sifa.

Nikajikokota mpaka mbele ya kiti cha Mzee.

"Mzee, kosa ni langu. Kijana hana habari hata ya beji. Nifukuze mimi, posa yake usiirudishe."

Mzee Hamadi akatia kidole kwenye lile tundu la kanzu.

"Ulikusudia kuniletea ya kinu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umeitafuta muda gani?"

"Miaka sita."

"Miaka sita." Akatikisa kichwa. "Hata mimi sinayo. Zile zangu nilizichoma kwa hasira. Wanangu hawajawahi kuitafuta. Huyu Omari hajui hata ilikuwa rangi gani."

Omari akatazama jamvi.

"Ilikuwa rangi gani, Mzee?" nikauliza. (Ndiyo, niliuliza. Ugonjwa ni ugonjwa.)

"Manjano. Kinu cheusi. Mchi mnene." Akatabasamu kidogo sana, halafu akaukusanya uso wake. "Nilipoikataa ile hesabu ya kura nilikuwa na meno yote. Sasa nimebakiza mawili na bado naikataa. Wewe umenifanya nikubali kwa dakika kumi, mbele ya Kwale nzima."

"Nisamehe, Mzee."

"Ile picha imefika wapi?"

Nikatazama simu. Nikamwambia ukweli. Imefika Lungalunga. Imefika Mombasa. Kuna mtu ameijibu kutoka Maskati.

"Basi binti ataolewa," Mzee akasema, na Dada Mishi akaacha kukunja. "Kijana hana kosa, na mjomba hachaguliwi. Lakini kila ilipofika picha, yafike na haya. Uandike ulivyofanya, kwa mkono wako, tangu mwanzo, bila kujipunguzia. Na jina langu uliandike, wasiseme ni mzee mwingine. Kisha uwaambie ninavyosema."

"Na siku ya harusi, Mzee," Dada Mishi akauliza kwa furaha, na hapo ndipo nilipojua kwamba ukosefu wa akili uko kwenye ukoo wetu wote, "ngoma je?"

Tulimtoa nje haraka.

Nimeandika. Mwanasha amekaa kando yangu anasoma kila mstari, na kila nikifika kwenye punje za mahindi anakohoa kidogo, kama bingwa. Kwa hivyo, kwa wote walioiona ile picha, walioisambaza, na waliokuwa njiani na mbuzi: Mzee Hamadi hajakubali matokeo. Hakukubali wakati ule, hakubali leo, na akifa msimkubalie.

Na tafadhali, atakayejibu hapa asiandike kwamba anacheka. Majibu yenu yote Mzee atasomewa, na Rashidi bado hajaoa.